Herufi Mia na Sitini za Baraza la Mapazia

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla sijapata nafasi ya kulipamba. Kwa karibu miaka miwili Baraza la Mapazia halikusomwa redioni hata mara moja. Sababu haikuwa mtangazaji, wala mtandao, wala wale wauza simu wa ng'ambo ya barabara ambao tuliwashuku kuwa na shemeji studio. Sababu ilikuwa mimi na kidole changu gumba, ambacho kilikataa kubonyeza "tuma" mpaka kila kitu kiwe sawasawa.

Baraza lenyewe ni kibaraza cha saruji mbele ya duka la mapazia, Kariakoo, upande wa kuelekea Mchafukoge. Wajumbe tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Ami, mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Uarabuni na yeye mwenyewe hajafika mbali zaidi ya Morogoro, lakini anazungumzia marais wa dunia kama watu waliowahi kumrudishia pazia lenye kasoro. Wa pili ni Fundi, mtu wa Newala, aliyekaa kibarazani na cherehani ya miguu akikunja pindo za mapazia yetu. Redio ilikuwa yake. Aliifunga kwenye mguu wa cherehani kwa utepe wa pazia, kwa hiyo kila alipokanyaga pedali kwa nguvu, habari za dunia zilitetemeka kidogo. Wa tatu ni mimi, muuzaji wa dukani na katibu wa Baraza.

Ukatibu nilipewa kwa sababu ninaandika vizuri. Hakuna aliyeuliza kama huwa ninamaliza.

Matokeo yangu ya kidato cha nne sitayataja hapa. Niseme tu kwamba yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe: kwa magazeti, kwa redio na daftari pembeni, na kwa atlasi kuukuu niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, yenye nchi mbili tatu ambazo siku hizi hazipo. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Hajui amekosea wapi, kwa hiyo anashuku kila mahali. Mimi hata risiti ya mteja nilikuwa naisoma mara tatu kabla ya kuikata, na mteja akiniangalia naisoma ya nne.

Kipindi chetu kilikuwa cha saa tatu asubuhi mpaka saa nne, siku za kazi. Mtangazaji alikuwa akileta mada moja ya siasa au mambo ya dunia, wachambuzi wawili wakabishana, kisha dakika kumi za mwisho akasoma ujumbe wa wasikilizaji. Kupiga simu tulishaacha. Laini zilikuwa na wenyewe. Ujumbe wa simu ndio ulikuwa mlango wetu, na mlango huo ulikuwa na upana wa herufi mia na sitini. Ukizidisha, ujumbe unakatika vipande viwili, na mtangazaji alikwishasema vipande hasomi.

Sasa Baraza lilikuwa na utaratibu wake. Ujumbe haukutoka bila kupitishwa. Ami alikuwa Spika, kwa sababu kiti cha plastiki chenye mikono ni chake. Hoja inatolewa, mimi naandika, nasoma kwa sauti, kisha Ami anagonga kikombe cha kahawa kwenye sakafu.

"Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyooo," anasema Fundi, bila kuinua macho kwenye pindo.

"Wanaosema siyo?"

Hapo ndipo nilipokuwa naharibu.

"Ami, samahani. Hapa tumesema 'viongozi wote wa Ulaya'. Tuna uhakika ni wote?"

"Weka 'wengi'."

"Tukisema wengi, inabidi tujue wangapi."

"Weka 'baadhi', mtoto wewe! Weka 'baadhi' tumalize!"

Naweka baadhi. Naona sasa sentensi imelegea. Nabadilisha mwanzo. Ami anakumbuka kwamba hatujasalimia, na kwake ujumbe usio na salamu ni sawa na kuingia nyumba ya watu na viatu. Salamu inakula herufi kumi na sita. Natafuta pa kupunguza. Mteja anaingia anataka pazia la dirisha la jikoni. Nikirudi, muziki wa kufunga kipindi umeshaanza, na Fundi anapunguza sauti taratibu kama anayefunika maiti.

Siku hizo hizo wauza simu wa ng'ambo walikuwa wakisomwa kila wiki. Ujumbe wao ulikuwa huu, kwa mada yoyote: "Mambo vipi mtangazaji, hii dunia imekwisha. Wauza simu Kariakoo." Mada ya uchaguzi, dunia imekwisha. Mada ya bei ya mafuta, dunia imekwisha. Mtangazaji anacheka, anasema nawapata wanangu wa Kariakoo, na wao wanapiga makofi mpaka njiwa wanaruka. Halafu mmoja wao anavuka barabara makusudi.

"Shikamooni wazee. Leo Baraza limetoa tamko gani?"

"Marahaba," Ami anajibu. "Tamko liko kwenye kamati."

"Kamati ya nani?"

Wote wanatazama upande wangu. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe arobaini na mmoja ambao haukutumwa. Nilikuwa nimeuhifadhi wote. Mwingine mpaka leo nauona ni mzuri.

Basi Jumatatu moja Fundi akasimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo asilolifanya, akasema anarudi kwao. Macho yameanza kumgomea, uzi mweusi kwenye pazia la kahawia hauoni tena, na mikorosho ya marehemu baba yake inahitaji mtu. Amekwishakata tiketi. Basi ni Jumamosi alfajiri.

Ami akautazama mguu wa cherehani. Kisha akasema, "Na redio?"

"Redio nakwenda nayo."

"Si ungetuachia?"

"Ami, miaka yote hii umekaa Spika kwenye redio ya mtu."

Tukacheka. Fundi hakucheka nasi. Alipapasa kofia yake, akaisogeza mbele, akairudisha nyuma.

"Kuna jambo," akasema. "Kule nyumbani niliwaambia ninasomwa."

"Unasomwa nini?"

"Redioni. Nilimwambia dada yangu kwamba maoni yangu yanasomwa huku, kwamba nikisema jambo Kariakoo, mtangazaji analisoma nchi nzima. Nilidhani ni suala la wiki moja mbili. Binti huyu anaandika vizuri, nikasema lazima tutasomwa, acha nitangulie kusema." Akanitazama, na hakukuwa na lawama hata kidogo machoni mwake, jambo lililonichoma zaidi. "Imefika mwaka wa pili. Kila siku dada anafungua redio saa tatu, yeye na majirani. Wananiuliza mbona hatukusikii, nawaambia mlikuwa mmekwenda kuchota maji."

"Mwaka mzima wanachota maji?" Ami akauliza.

"Ndiyo hivyo. Sasa nikifika nitakaa nao uso kwa uso. Nitasema nini?"

Nataka niwe mkweli hapa. Sikuwahi kumwona Fundi akiomba kitu. Hata mkasi wangu alikuwa akiuomba kwa kuutazama tu. Siku ile pia hakuomba. Alirudi kwenye pedali, redio ikatetemeka, na mimi nikaingia ndani nikajifanya napanga mabomba ya kutundikia mapazia yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Tulikuwa na siku tano. Jumatatu hiyo kipindi kilikuwa kimeshaisha. Jumanne mada ilikuwa muungano wa nchi fulani za magharibi, nikakwama kwenye jina la mji. Jumatano umeme ulikatika mtaani na mnara wa simu ukalala nao, na naapa hilo halikuwa langu. Alhamisi nilikwama kwenye alama ya kuuliza. Sitaeleza zaidi. Wewe amini tu kwamba mtu anaweza kukwama dakika saba kwenye alama ya kuuliza, na mwenzake akawa anamtazama na sindano mkononi.

Ijumaa mada ikawa vita, njia za meli na kupanda kwa bei. Ami alisimama kabisa kutoka kwenye kiti.

"Hii ni yetu! Hii Mungu katuletea! Andika, mwanangu. Fundi leo hatoki bila kusomwa. Weka na jina la kwao hapo chini, wamjue."

Akaisema hoja kwa pumzi moja na mimi nikaiandika. Hii hapa, maana bado ninayo:

"Asalaam aleikum. Bahari ya Shamu imefungwa, meli haziji, mapazia yamepanda bei. Mataifa makubwa yaone haya. Fundi wa Newala, Baraza la Mapazia, Kariakoo."

Herufi mia na hamsini na tatu. Salamu ipo, hoja ipo, saini ipo. Saa ya redio ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na nne. Hatujawahi kuwa mapema namna ile. Ami akagonga kikombe.

"Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyooo!"

Mimi nikasema, "Ami, si kweli."

Maneno hayo ya Bahari ya Shamu yalikuwa yamezunguka Kariakoo nzima miezi ile. Bei ikipanda, mteja akilalamika, unamwambia bahari imefungwa, mama, kuna vita huko, meli zinazunguka dunia. Mteja anatikisa kichwa, anaonea huruma mabaharia, analipa. Mimi mwenyewe niliyasema. Niliyasema vizuri kuliko wote. Kuna wateja niliwachorea njia ya meli kwa kidole juu ya pazia. Mimi ninayekagua nukta, bahari nzima sikuwa nimeikagua, kwa sababu ilikuwa inauza.

Lakini Alhamisi ile, baada ya kukwama kwenye alama ya kuuliza, nilikuwa nimefungua atlasi kwa ajili ya kujiandaa, nikakumbuka ile bahari yetu. Nikachukua uzi wa Fundi nikauweka Guangzhou, kule China mapazia yetu yanakotoka, nikauvuta mpaka Dar es Salaam. Uzi ulikata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Bahari ya Shamu ilikuwa juu kule kwenye kona yake, wala haijaguswa.

Nikawaeleza. Ami akanitazama kama niliyemwambia duka si lake.

"Na mapazia ya Uturuki?" akasema. "Ya Uturuki si yanapita huko?"

"Ami, hatuna mapazia ya Uturuki."

"Hatuna? Na yale ya maua ya dhahabu?"

"Tunayaita ya Uturuki. Lebo ninaikata mimi."

Ndani ya duka alikuwepo mama mmoja wa Magomeni, mteja wetu wa muda mrefu, aliyekuwa akichagua mapazia ya sebule kwa sababu mkwe anakuja. Alikuwa ameshika pazia la maua ya dhahabu. Nilimwona akilitazama upya.

Ami akashusha sauti. "Sasa bei imepandaje?"

"Mimi sijui. Si wewe ndiye uliyepandisha?"

"Nilipandisha kwa sababu wote walipandisha!"

"Basi tuandike hivyo."

"Niende redioni niwaambie watu nimepandisha bei kwa sababu jirani kapandisha? Kila mtu mtaa huu anasema bahari. Mimi niseme nini? Niseme nimependa?"

Redio ikasema tunaingia dakika kumi za ujumbe wenu.  Nikafuta "Bahari ya Shamu". Nikaandika "misukosuko ya usafirishaji duniani". Nikahesabu. Imezidi. Nikaondoa salamu, Ami akapiga kelele. Nikairudisha Bahari ya Shamu nikaongeza "inasemekana". Imezidi. Jasho lilinitoka mpaka kioo cha simu kikawa hakisikii kidole.

Wauza simu wakasomwa. Dunia imekwisha. Makofi ng'ambo ya barabara.

Fundi akaacha cherehani. Akaja akasimama karibu yangu, akainama kutazama kioo ambacho nilijua hawezi kukisoma.

"Umefikia wapi, binti?"

"Fundi, ni uongo. Na chini yake kuna jina la kwenu. Wakikusahihisha, wanakusahihisha wewe, nchi nzima, na dada yako anasikiliza."

Akafikiri kidogo.

"Kule kwetu nani ana ramani?" akasema.

Sikujua nicheke au nilie. Na yeye aliona, kwa sababu aliendelea kwa sauti ya chini, ile aliyotumia kunifundisha kushona vifungo.

"Mimi ninakwenda kesho. Ukweli utautuma wiki ijayo, hauozi. Leo nitumie mimi."

Nikarudisha maneno yote ya Ami kama yalivyokuwa. Nikafumba macho, kweli kabisa, kama mtoto anayechomwa sindano, nikabonyeza.

Ikapita dakika. Akasomwa mtu wa Dodoma. Akasomwa mtu wa Buguruni aliyetaka fundi wa jokofu, kapotea kipindi. Kisha mtangazaji akasema, "Asalaam aleikum, naam, waaleikum salaam," na Ami akashika ukingo wa kiti.

Alisoma yote. Alisoma na saini. "Fundi wa Newala, Baraza la Mapazia, Kariakoo." Kwa sekunde mbili hivi dunia ilikuwa kamili. Fundi alivua kofia.

Halafu mtangazaji akacheka.

"Lakini Fundi wangu wa Newala, ngoja kwanza. Mapazia ya Kariakoo si yanatoka China? Meli inatoka China, inakuja Dar, inatafuta nini Bahari ya Shamu? Hiyo imepotea njia, Fundi! Wasikilizaji, nisaidieni, kuna baharia hapo?"

Baharia alikuwepo. Yuko Tanga, amestaafu, na inaelekea alikuwa amesubiri maisha yake yote aulizwe. "Mtangazaji," alisema, "hiyo meli ya Fundi nadhani ilikwenda kumsalimia shangazi." Akapiga simu mwalimu wa jiografia. Akapiga mtu aliyetaka kujua Baraza la Mapazia limeundwa kwa sheria gani. Mtangazaji akasukuma taarifa fupi mbele, akasukuma na tangazo la biashara, na jina la Fundi wa Newala likatajwa mara tisa. Nilihesabu. Nikiogopa huwa ninahesabu.

Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya kaunta. Kila kitu nilichokiogopa maishani kilikuwa kinatokea kwa mpangilio, na kilikuwa kinamtokea mzee wa watu kwa sababu yangu. Ng'ambo ya barabara wauza simu walikuwa wameacha wateja wakisikiliza. Hawajawahi kupata zaidi ya sekunde tano.

Mama wa Magomeni akaja kwenye kaunta na pazia lake, akaninong'oneza kutokea juu.

"Wewe binti, inuka. Niambie hili la kwangu lilipita bahari gani."

Akamgeukia Ami. "Na wewe Ami, mwezi uliopita uliniliza kwa mabaharia wako." Alipunguziwa mpaka akashangaa mwenyewe, na Ami alifunga mzigo huo kwa mikono yake bila kutoa maoni yoyote juu ya hali ya dunia.

Wakati huo simu ya Fundi ikaita. Ilikuwa kwenye sauti ya nje siku zote kwa sababu hakujua kuiondoa. Ilikuwa dada yake, na nyuma yake watu wengi wanaongea pamoja.

"Tumekusikia! Kaka, tumekusikia! Jirani karukaruka hapa mpaka kamwaga uji!"

"Si niliwaambia?" akasema Fundi, kwa sauti ya mtu anayesomwa kila siku.

"Lakini mbona kama walikuwa wanakucheka?"

 Fundi akapapasa kofia.

"Dada, mtangazaji anasoma watu ishirini kwa siku. Umesikia anabishana na nani mwingine?"

 Kisha dada akawaambia wale wa nyuma, "Amesema walikuwa wanabishana naye," na kukatoka kelele ya kukubali ambayo nadhani ilifika mpaka kwa wauza simu.

Kesho yake alfajiri alisafiri. Cherehani ilibaki, maana ilikuwa ya Ami. Redio ilikwenda. Ule utepe wa pazia aliufungua taratibu, akaukunja, akanipa kama vile ni kitu. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandika maneno na kuyarekebisha, na nilipofika kwenye sentensi ya pili Ami alisema basi litamwacha, kwa hiyo hilo nalo liko kwenye simu yangu, la arobaini na mbili.

Ami alinunua redio mpya siku ya Jumanne, kubwa, yenye taa. Tukakaa kibarazani wawili. Kura zikawa zinalingana kila mara, moja kwa moja. Kipindi kilikuwa kinakaribia dakika za ujumbe, na mimi nilikuwa na sentensi niliyoiandika tangu Jumamosi kusahihisha habari ya meli, wakati simu ya Fundi ilipoingia.

"Shikamoo Fundi. Umefikaje?"

"Marahaba. Nimefika, lakini sipumziki. Hapa nilipo ni barazani kwa jirani, watu wamejaa, wameleta mpaka viti vya msikiti. Unajua wananiitaje? Bahari ya Shamu. Nikipita, watoto, 'Bahari ya Shamu huyo!' Kila asubuhi wananiuliza dunia inakwendaje."

"Fundi, samahani sana. Mimi leo nataka kutuma masahihisho, niseme kwamba kosa lilikuwa la..."

"Usitume!"

Ami akacheka mpaka akamwaga kahawa.

"Usitume kitu," Fundi akarudia. "Wewe nitumie ile ramani yako. Na ule uzi. Kuna mzee mmoja hapa aliwahi kufanya kazi bandari ya Mtwara, ananibishia tangu jana, anasema China haina bahari. Ninataka nimwonyeshe."

Nikasema nitaituma, ila kwanza niangalie zile nchi ambazo hazipo, niziwekee alama, asije akaaibika.

"Binti," akasema Fundi. "Weka kwenye bahasha. Funga."

Nikaingia ndani, nikaichukua atlasi jinsi ilivyokuwa, uzi ukiwa bado ndani yake, nikaiviringisha kwenye kipande cha pazia la Uturuki na kuifunga kwa ule utepe wake. Lebo ya pazia sikuikata.